Kwa Nini Sikutia Saini Ile Nyumba ya Old Moshi

Aikande mwanangu,

Nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Ukitoka utanikuta jikoni na daftari lako la zamani la Baiolojia, zile kurasa za nyuma ambazo hukuziandika, nawe utadhani napanga vitu vya sokoni. Niliishia darasa la tano. Kuandika kwangu ni kama kulima kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitakwenda polepole na wewe usicheke herufi.

Habari za sweta na kuchemsha maji siandiki. Wewe ni muuguzi, maji unayajua kunishinda. Na wanasema Sumbawanga kuna baridi kama ya kwetu Kirua, basi hutashangaa.

Naandika kwa sababu kuna jambo nimekuficha mwaka mzima, nalo limeshikana na ile nyumba ya Old Moshi. Ukishalijua unaweza usitake kurudi hapa tena, hata Krismasi. Nimewaza ninyamaze. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekufungulia mlango huku nimekushika nguo. Basi soma ukiwa ndani ya basi, likishapita Same, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunigombeza.

Unajua jinsi nilivyoitafuta ile nyumba. Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, ni cha kaka yako Thomasi, ndivyo baba yako alivyokiacha na ndivyo babu yako alivyomwachia yeye. Mtoto wa kike huku hapewi kihamba, anapewa sufuria na baraka. Mimi nikasema hapana, Aikande wangu atakuwa na vyumba vyake vya kupangisha, asije akasimama mlangoni kwa mke wa kaka yake kuomba mkungu wa ndizi. Niliwaambia hivyo Jumuiya, nikamwambia padri, nikamwambia na dalali. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifikisha pabaya.

Siku ya kwanza nilikwenda na dalali peke yetu. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ukimwona mtu unamwona magoti tu. Vyumba sita kwenye mstari mmoja, bati jipya, uwanja mbele yake. Wapangaji ni walimu, na fundi cherehani mmoja, Mama Neema, unamkumbuka, yule mwembamba mwenye kucheka. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anapinda sketi. Akainua kichwa akasema:

"Shikamoo mama. Leo umechelewa."

Nikacheka. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, mimi ndiyo kwanza nafika hapa tangu nizaliwe." Naye akacheka kama mtu aliyetaniwa, akarudi kwenye sketi yake.

Nikautazama ule uwanja. Ulikuwa umefagiwa. Si kufagia kwa mpangaji anayesukuma taka kwa jirani, hapana, kufagia kwa mtu mwenye boma lake, mistari imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Walimu walikuwa wameshakwenda kazini tangu saa moja. Lakini juu ya ule mchanga hapakuwa na unyayo hata mmoja. Pale pembeni, baada ya chumba cha sita, kulikuwa na masale manne, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Ufagio ulikuwa umeyazunguka kwa adabu, kama unavyozunguka kiti alichokalia mgeni.

Nikamuuliza dalali nani anafagia. Akasema wapangaji. Nikamuuliza Mama Neema, akasema, "Si mwenye nyumba amemweka mtu?" Kesho yake nilipompigia Elifuraha, yule muuzaji, akasema, "Wapangaji wangu ni wasafi sana, mama, hilo nalo ni sifa ya nyumba." Kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mimi nikaona vyumba sita, nikaacha ufagio.

Mara ya pili tulikwenda wote, wewe na mimi. Nadhani hukusahau, kwa sababu ulinitania wiki nzima. Mama Neema alikuambia, "Mama yako alikuwa hapa jana asubuhi, lakini hazungumzi akiwa kazini." Na jana yake mimi nilikuwa Bomang'ombe tangu alfajiri, kumkanda shangazi yako mguu. Ukasema, "Kumbe una pacha Old Moshi, mama! Muulize basi, yeye kodi anaikusanya lini?" Tukacheka mpaka barabarani. Mimi nilicheka zaidi yako ili usiniulize kitu.

Hapo ndipo ningegeuka, Aika. Sikugeuka. Nilitoa malipo ya awali wiki ile ile, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Tukapanga siku ya kutia saini kwa mtendaji wa kijiji, ndipo nimalizie malipo yaliyobaki na nyumba iwe yetu.

Mara ya tatu Elifuraha aliniita tuonyeshane mipaka. Ni mtu mzima wa miaka arobaini hivi, kitinda mimba wa mama yake, amenyoa vizuri, viatu vya mjini. Alisimama barabarani, uwanjani hakuingia. Akaninyooshea kidole yale masale ya pembeni.

"Hayo majani, Mama Thomasi, yang'oe. Hapo patatoka chumba cha saba."

"Kwa nini usiyang'oe wewe? Pahali bado ni pako."

"Mimi ni mtoto wa hapa. Wewe unapita tu, hayakujui."

"Si uliniambia ni mpaka wa zamani? Mpaka gani huu wenye pembe nne na urefu wa mtu?"

Akacheka upande mmoja wa mdomo. "Ardhi ya huku ni ndogo, mama. Hata mipaka ni mifupi."

Mwanangu, nilijua. Mtu aliyezaliwa mlimani haonyeshwi masale manne yamesimama hivyo akauliza ni nini. Sale ni mpaka, sale ni kuomba radhi, na sale ni kaburi. Mtoto wa miaka sita anajua ni lipi kati ya hayo. Ningeweza kusema sikujua, nawe ungeniamini, kwa sababu wewe huko shuleni hawakukufundisha. Nilijua, nikafunga khanga kiunoni, nikayang'oa yote manne. Yalitoka kirahisi, kama mtu anayeachia mkono wako. Udongo ulikuwa laini, umetifuliwa. Nikayatupa kule chini kwenye mfereji, nikanawa, nikarudi nyumbani nikakupikia mtori. Ulisema umekolea chumvi.

Sasa siku yenyewe ya saini. Wewe ulibaki umelala. Miadi ilikuwa saa nne, lakini mimi nilitaka kuviona vyumba vyangu kwanza, nivione kwa jicho la mwenye nyumba. Nilichukua bodaboda kukiwa bado na umande. Akanishusha njia panda, nikapanda kile kilima kidogo kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, nakumbuka niliushika ukuta wa chumba cha kwanza kujua nimefika.

Baada ya hapo sikumbuki.

Ninachokumbuka ni mgongo kuniuma. Nikajinyoosha. Mkononi nilikuwa na ufagio. Khanga ilikuwa kiunoni, imefungwa kwa fundo ambalo mimi silifungi, la nyuma. Nusu ya uwanja ilikuwa imekwisha, mistari imelala upande mmoja. Kwenye kidole gumba nilikuwa na lengelenge, na lengelenge haliji kwa dakika tano, wewe unajua. Mlango wa chumba cha tatu ukafunguka, mwalimu akatoka na mfuko wake. "Shikamoo mama," akasema, hakunitazama, akapita ubavuni mwa ukuta kwa ncha za viatu, kama mtu aliyezoea kukwepa palipofagiwa. Mama Neema naye akafungua. Akaweka kikombe cha chai kizingitini.

"Chai yako, mama."

Nikamuuliza, "Mama Neema, hii chai huwa unamwekea nani?"

"Si wewe? Kila asubuhi naiweka hapa. Nikirudi nakuta kikombe kimeoshwa, kimegeuzwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie. Mwaka wa pili huu."

"Mimi nimeijua nyumba hii mwezi huu, mwanangu."

Akaanza kucheka, maana ni mcheshi. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Akasema polepole, "Mama... wewe huwa huinui uso." Akaingia ndani akafunga mlango, nikasikia komeo.

Nikageuka pembeni. Masale yalikuwa yamesimama, yote manne, kwenye mashimo yake. Udongo umeshindiliwa kwa nyayo za mtu asiye na viatu. Sikwenda kupima ni nyayo za nani. Nilikuwa nimevua viatu vyangu, Aika, vilikuwa kizingitini kwa chumba cha sita, vimepangwa.

Nilikaa kwenye jiwe barabarani mpaka saa nne. Nikasema rozari nikawa naruka mafumbo.

Ofisini kwa mtendaji walikuwepo watu watano: mtendaji, mwenyekiti, Elifuraha, dalali, na jirani wa mpakani, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mdomo wake hauna breki. Karatasi ilikuwa mezani. Mtendaji akanionyesha mahali pa kuandika jina. Nikaishika kalamu, nikamuuliza Elifuraha:

"Baba, mama yako amelala wapi?"

"Mama yangu alifariki. Mwaka wa tatu huu."

"Sikuuliza kama alifariki."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama Thomasi, tuko kwenye karatasi hapa, mambo ya misiba tutaongea tukinywa mbege."

Yule jirani akapiga goti kwa kicheko. "Hah! Alikuwa hajui? Dada yangu, unanunua vyumba sita na bibi mmoja. Bibi hajawekwa kwenye bei!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Elifuraha alikuwa anatazama mikono yake. Mimi nilitegemea akatae, apandishe sauti, nimwone mwongo nipate nguvu. Badala yake akasema kwa sauti ya mtoto:

"Vile vyumba hakuvijenga mtu wa biashara. Alivijenga yeye. Mimi nilikuwa nimepata kazi Dar, kwenye meli, kuna mtu alinishika mkono. Akauza kahawa yote, akauza ng'ombe, akajenga, akaniambia, Elifuraha, tazama nimekujengea, sasa utakwenda kutafuta nini? Nikakaa. Miaka kumi na miwili nimekaa, nachukua kodi. Unajua kwa nini alikuwa anafagia mapema vile? Watu walimsifu kwa usafi. Alikuwa anafagia usiku akishanisikia nimelala, na asubuhi anatoka kutazama nyayo. Ajue kama nimetoka. Ajue nimeelekea wapi. Halafu anafuta, anaanza upya."

Mtendaji akaondoa mkono wake kwenye muhuri.

"Mimi simuuzi mama yangu," Elifuraha akasema. "Mimi nataka tu kuondoka."

Aikande, nilisikia yale maneno nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ya kuzaa. Kwa sababu yule mama sikumwona mchawi, wala mzimu. Nilimwelewa. Nilimwelewa kila alipoinama kufagia. Nilikuwa nimeshajipangia chumba cha sita kiwe chako, kile cha mwisho, na dirisha nilishaliwekea pazia kichwani mwangu. Nilisema ni kwa ajili ya kukupa urithi, na nusu nyingine ilikuwa hii: ukiwa na wapangaji wa kusimamia, utakwenda wapi? Alfajiri ile sikusukumwa na mtu kushika ufagio. Ule mkono ulikuwa umeijua kazi yake.

Nikaiweka kalamu. Nikatoka nje. Uzio wa ofisi ni wa masale, nikachuma jani moja, nikarudi nalo nikampa Elifuraha kwa mikono miwili mbele ya mashahidi wote. Nikasema, "Nimekukosea kwa kung'oa ya mama yako, na nakukosea sasa kwa kuvunja maneno yetu. Niachie." Na kwa desturi yetu mtu akipewa sale hawezi kukataa. Alilishika, machozi yakamtoka. Mwenyekiti akasema, "Haya, hapo hakuna kesi tena, funga kitabu." Dalali alilalamika mpaka njia panda. Malipo ya awali Elifuraha alirudisha nusu, nusu alikuwa ameshaila, nikaiacha huko huko.

Nilipofika nyumbani ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. "Mama, yaani umeacha nyumba kwa sababu ya majani?" Thomasi naye akapiga simu kutoka Arusha, akasema wazee wakikaa sana na rozari wanaona vitu. Mlidhani nimeogopa kaburi. Niliona afadhali mnione mjinga, kwa sababu kweli ilikuwa mbaya zaidi ya ujinga.

Sasa naifikia. Nimekunywa maji kwanza.

Siku mbili kabla ya ile saini ulikwenda mazoezi ya kwaya, ukaacha simu yako inachaji hapa jikoni, kwenye hii hii swichi. Ikalia. Nikapokea. Mwanamke, sauti ya upole, akauliza kama hiyo ni namba ya Aikande muuguzi. Nikasema mimi ni mama yake. Akasema anapiga kutoka hospitali moja ya Songea, wameona barua yako, wanakuhitaji uripoti Jumatatu, nafasi ni moja. Akasema, "Mwambie hongera, mama."

Nikamwambia umeshapata kazi kwingine.

Nilisema hivyo, Aika. Hakuna aliyenifundisha, ilitoka imeshapikwa. Akasema, "Basi heri, tutamwita anayefuata." Ukarudi, ukaona namba, ukauliza, "Nani alipiga?" Nikasema, "Wamekosea namba." Ukaamini. Wewe hujawahi kuniona mwongo, ndiyo maana uliamini. Siku ile nilipotoka kwa mtendaji niliichukua simu yako kwa siri nikampigia yule mama wa Songea. Alinijibu vizuri sana. Alisema yule aliyefuata ameshaanza kazi.

Mwaka mzima nimekutazama ukiandika barua za kazi kwenye meza hii. Ukilia unasema labda vyeti vyako havifai. Nilikuwa nakuletea chai nakwambia Mungu ana wakati wake, na wakati ule ulikuwa wangu, niliuiba mimi. Hilo ndilo silali nalo. Kuna asubuhi nimeamka nikakuta nimesimama mlangoni kwako, natazama sakafu.

Nimefikiria kulitia jani la sale ndani ya barua hii. Nimelichuma, limekaa hapa mezani tangu saa kumi na moja. Lakini nikikupa hilo utalazimika, na mimi nimeshakulazimisha vya kutosha. Nitalirudisha nje. Wewe ukitaka kunichukia, nichukie bila kuvunja desturi.

Nina neno moja tu la kukupa, nalo nimelilipia. Ukifika huko ukazaa, na mtoto akakua, siku utakapoanza kumjengea kitu, jiulize kama ungekijenga angekuwa anaondoka kesho. Mimi sikujiuliza. Yule mama wa Old Moshi hakujiuliza. Alimpenda mwanawe, watu wote wanasema alimpenda.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi, nitalia, na wewe utanibembeleza kwa sababu utakuwa bado hujasoma. Nisamehe hicho pia, kwamba nimeiba kumbatio moja la mwisho kabla hujajua. Sikuweza kuliacha.

Ukifika Sumbawanga usinipigie kunituliza. Usiseme "mama hamna neno" kwa ile sauti yako ya wodini. Kaa na jambo hili hata mwezi, hata miwili. Siku hasira itakapokujaa, ndiyo siku ya kupiga. Piga uniseme yote, hata mbele ya watu. Nitapokea, na nitasema, ndiyo, ni mimi, mnataka kujua Aikande yuko wapi? Yuko kazini kwake, Sumbawanga, na mimi ndiye mama yake, na nilitaka asifike.

Zipu imekubali. Nakusikia unakuja.

Mama